Ndoo Isiyo na Asali

Shughuli nzima iligharimu shilingi milioni moja, laki nne, elfu moja na mia tano. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili nikianzia mwisho kwenda mwanzo, na jibu ni lile lile. Humo kuna diski tatu za nje, betri ya kukinga kompyuta umeme ukiyumba, nyaya, bando za miezi sita, nauli zangu za Itigi hadi Mitundu, ufundi wangu, na elfu ishirini na saba na mia tano ya kukomboa ndoo ya plastiki kwa mfanyabiashara mmoja wa Singida mjini. Kwa fedha hizo chama cha wafugaji nyuki chenye kompyuta nne kingenunua ya tano na chenji ikabaki. Mwenyekiti wa chama aliwahi kuniambia hivyo mbele ya watu, na sikumbishia, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi. Ila aliyejua fedha zile zilinunua nini alikuwa mtu mmoja, na huyo ndiye ninayetaka kumwandika.

Tulimwita Mama Masjala. Jina lake lipo kwenye stakabadhi nyingi alizonisainia, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia, na mimi sitaanza leo. Kabla chama hakijamwajiri alikuwa ametunza mafaili ya serikali miaka mingi, na hata alipostaafu hakuweza kuona karatasi imelala mezani bila kuuliza faili lake liko wapi. Mfupi, mkavu, miwani imefungwa kamba ya kiatu shingoni, kandambili zimelika upande mmoja kuliko mwingine. Ofisi yake Mitundu ilikuwa chumba cha nyuma chenye dirisha moja linalotazama ghala la asali. Ukimwambia "Shikamoo mama," aliitikia marahaba bila kuinua kichwa, na kichwa kikiwa bado chini akakuuliza kama umeleta barua. Kila ombi lilitakiwa liwe barua. Mimi nilimwandikia barua ya kuomba kuingia chini ya meza yake nipitishe waya. Alinijibu siku hiyo hiyo, kwa maandishi, kwamba ombi langu limekubaliwa.

Alichokuwa anakilinda ni rejista ya alama. Wafugaji wetu wanatundika mizinga ya magogo porini, huko upande wa Rungwa, na mtu hawezi kulala chini ya mzinga wake mwaka mzima. Kwa hiyo kila mmoja ana alama yake, anaichoma kwenye gogo kwa chuma cha moto: mwingine mistari mitatu, mwingine duara lenye mkia, mwingine kitu kama mguu wa kuku. Mzinga wenye alama ya mtu hauguswi. Unaweza kumdhulumu mwenzako ng'ombe na bado ukakaribishwa chai mahali. Ukifungua mzinga wenye alama isiyo yako, hata ndugu zako watakukwepa. Lakini alama zinafanana, watu wanakufa, mizinga inarithiwa, inauzwa, inagawanywa. Ndipo inapoingia rejista: alama hii ni ya fulani, mizinga mingapi, aliipataje, mashahidi ni nani. Wanachama mia mbili na kumi na wanne. Rejista ikipotea, porini kunabaki magogo yaliyochorwa, na kila mtu na maneno yake.

Iliwahi kupotea. Zamani ilikuwa kitabu kikubwa ndani ya kabati la mbao, na mwezi wake wa kwanza kazini Mama Masjala alilifungua lile kabati akakitoa kitabu kwa mikono miwili, kwa sababu ya uzito aliotarajia. Aliniambia kilikuja juu chepesi mpaka akapepesuka. Jalada zima, ndani udongo. Mchwa walikuwa wameanza kula kabla hata yeye hajaajiriwa, na kila mtu alimwambia hivyo, lakini hilo halikumsaidia. Misimu miwili ya kuvuna ilikwenda kwa ugomvi. Kuna ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, ambao hadi leo wakikutana mnadani mmoja anageuza njia. Yeye alichukua kaunta buku akazunguka kijiji kwa kijiji kuandika upya, mguu kwa mguu, na alipomaliza ndipo chama kikaamua kununua kompyuta nne zilizotumika. Walizinunua kwangu. Nina kibanda Itigi, natengeneza simu na kompyuta, naishi chumba cha nyuma ya kibanda hicho, na bei ya kwanza ninayoitaja huwa siimaanishi.

Hiyo tabia yangu aliizima kwa dakika tano. Alikuja kununua diski za kuwekea nakala, akauliza moja shilingi ngapi. Nikasema laki mbili na ishirini, nikajiweka sawa kusubiri aseme laki na ishirini, ili nilalamike, ili tukutane katikati kama binadamu. Yeye akaandika laki mbili na ishirini. Halafu akanigeuzia karatasi.

"Andika hapo chini kwa nini."

Nikatazama karatasi, nikatazama diski. Nikaandika laki moja sitini na tano.

"Sasa andika kwa nini ile ya kwanza ilikuwa vile."

Nikamwambia, mama, hayo ni maongezi tu ya biashara. Akasema niandike hivyo hivyo. Mpaka leo kuna faili Mitundu lenye karatasi niliyosaini mwenyewe: "Bei ya kwanza ilikuwa maongezi." Sijawahi kumpunja tena, na sijui kama ni kwa uaminifu au kwa kuogopa karatasi.

Katika kuchagua njia ya kutunza nakala nilidhani kazi itachukua asubuhi moja. Nilimwambia tunakili rejista kutoka kompyuta kubwa kwenda kwenye mojawapo ya zile tatu, basi. Akaniuliza zile tatu ziko wapi. Chumba hiki hiki, nikasema. Akavua miwani. Alikuwa na maadui wanne, na kila njia niliyoleta aliipitisha mbele yao mmoja mmoja kama mtu anayekaguliwa getini: moto, mwizi, mchwa na mjinga. Nakala iliyo chumba kimoja na asili yake inaangukia kwa moto. Flashi inaangukia kwa mwizi, tena mwizi asiye na haja ya kukimbia, maana anaiweka mfukoni. Karatasi tunajua mla wake. Diski iliyochomekwa kwenye kompyuta wiki nzima inaangukia kwa mjinga, kwa sababu atakayefuta kitu kwa bahati mbaya atafuta kote kuwili. Mjinga alimwogopa kuliko wote. Alisema mwizi unamfungia mlango, mjinga mnampa funguo wenyewe na mnamlipa posho.

Tulijaribu mtandao. Ijumaa ya kwanza tuliwasha saa tisa mchana, tukitumia simu yangu iliyowekwa juu ya dirisha penye minara miwili ya mtandao. Jumatatu asubuhi ilikuwa imepanda asilimia kumi na nne na bando limekwisha. Nikapunguza ukubwa wa picha za alama, nikafanya yapande yale mabadiliko ya wiki tu, ikawa inakwenda. Miezi sita ilikwenda vizuri, kisha kamati ikaona bando ni anasa. Yeye hakugombana nao. Aliandika kwenye ripoti yake: njia ya mtandao, imeshindwa kwa heshima.

Mwishowe tukakaa na diski tatu. Moja inachomekwa Ijumaa tu, inanakili, inachomolewa, inafungiwa sandukuni. Ya pili anaondoka nayo nyumbani kwake Ijumaa, na Ijumaa inayofuata zinabadilishana. Ya tatu inakaa Rungwa, mbali na kila kitu kinachoweza kutupata Mitundu, kwa mzee mmoja mrina asali ambaye watu wote wanamwamini kwa sababu hajawahi kuonekana akiharakisha. Mara moja kwa mwezi lori la asali linaipeleka iliyo mpya na kurudisha ya zamani.

Lakini kunakili kwake kulikuwa nusu ya kazi, tena nusu ndogo. Nakala isiyofunguliwa aliiita tumaini. Kila Ijumaa, baada ya diski kuchomolewa, aliipeleka kwenye kompyuta ya mwisho kabisa, ile mbovu isiyounganishwa na nyingine, akafumba macho na kuweka kidole kwenye orodha ya wanachama. Aliyeangukiwa na kidole faili lake lilifunguliwa kutoka kwenye nakala. Alisoma kwa sauti jina, alama, idadi ya mizinga, mashahidi. Halafu, na hili sikulielewa kwa muda mrefu, alimpigia simu mhusika kumuuliza kama ndivyo.

Mimi nilikuwa nalipwa kwa siku, kwa hiyo nilitazama saa. Simu moja ilichukua dakika kumi na moja. Nilipima nyingine, kumi na tatu. Suala la alama lilikwisha katika dakika ya kwanza. Zilizobaki zilikuwa za mvua kwao, mtoto aliyefanya mtihani, mguu wa mama unaendeleaje, mtama umekomaa au bado. Wafugaji walipanda kichuguu kutafuta mtandao ili waulizwe mguu wa mama. Alicheka kwenye simu kuliko alivyowahi kucheka na sisi. Akikata, uso ulirudi mahali pake, akaandika kwenye daftari: imefunguka, imethibitishwa. Mara moja nilimwambia, kwa kumsaidia gharama, kwamba angeweza kupima faili bila kupiga simu.

"Fundi, wewe Ijumaa ukitoka hapa unakwenda wapi?"

Nikasema nyumbani.

"Nani yuko huko?"

Nikasema hakuna. Akasema basi nisimharakishe. Hatukuzungumza tena habari hiyo. Alikuwa mjane, mwanawe mmoja yuko Dar es Salaam na hupiga Jumapili, dakika nne, Jumapili moja nilikuwepo nikazihesabu. Nilianza kupanda basi la jioni badala ya lile la alasiri, bila kuambiwa, na yeye akaanza kuchemsha chai ya watu wawili, bila kusema kitu.

Chai hiyo haikuwa na sukari, wala asali. Mtu aliyekaa miaka yote dirisha kwa dirisha na ghala hakuwahi kuonja asali hata kwa kijiko. Nilimuuliza, akasema ya watu imehesabiwa. Na huyu aliyetaka kila kitu kiandikwe, alama za wafugaji mia mbili na kumi na wanne alikuwa nazo kichwani, ukimtajia jina anakuchorea hewani kwa kidole. Aliamini mashine na hakuziamini, kwa siku hiyo hiyo. Kompyuta alizifunika kwa vitambaa vyake mwenyewe alivyodarizi, na Jumatatu alizisalimia. Lakini ukimwambia mashine imesema, alikuuliza mashine ni shahidi wa nani.

Sasa ile ndoo. Yule mzee wa Rungwa aliiogopea diski unyevu na vumbi, akafanya alichokijua: akaiviringisha kwenye kitambaa, akaiweka ndani ya ndoo ya asali ya lita kumi iliyo tupu, akaziba mfuniko pande zote kwa nta. Hakuna maji wala mdudu angeingia. Tatizo ni kwamba ndoo iliyozibwa kwa nta, Rungwa, ni ndoo ya asali. Lori lilipokuja, vijana wa kupakia waliipakia pamoja na nyingine arobaini, ikaenda Singida mjini, ikauzwa. Mnunuzi akapiga simu kulalamika kwamba ndoo moja ni nyepesi na ndani kinagonga. Mama Masjala alinituma. Yule bwana alishaona tunaitaka, akasema elfu hamsini. Nilitumia saa mbili na soda moja kumshusha hadi ishirini na saba na mia tano, na sijui kwa nini hiyo mia tano ilimng'ang'ania.

Nilitegemea Mama Masjala atamfokea mzee. Hakufanya hivyo. Wala hakuandika kwenye ndoo kwamba si asali, kama nilivyoshauri mimi, maana vijana wa lori wanasoma wakitaka. Alichofanya ni kufungua faili jipya. Aliiandikisha ndoo kwenye rejista, ikapewa alama yake, mraba wenye nukta katikati, na kwenye sehemu ya mwenye mali akaandika jina lake mwenyewe. Kisha akaagiza chuma, kikachomwa moto, na mzee mwenyewe akaipiga alama ile ndoo ya plastiki ikanuka kijiji kizima. Toka siku hiyo hakuna aliyeigusa. Vijana wa lori walipakia pembeni yake, wakaizunguka, hata ilipokuwa njiani mwa mlango. Tulilipia betri, nyaya na bando, lakini kinga iliyofanya kazi kuliko zote pale ilikuwa ile alama, na haikutugharimu kitu zaidi ya mkaa.

Mkataba wake ulipokwisha kamati haikuuongeza. Mwenyekiti alisema, kwa upole, tumeshaingia kwenye kompyuta, masjala ya nini tena. Walimfanyia hafla ya soda. Hotuba ya dakika nne, vitenge viwili, na ndoo moja ya asali. Aliipokea kwa mikono miwili akashukuru. Kazi ya Ijumaa nikakabidhiwa mimi, elfu thelathini kwa mwezi. Alinikabidhi diski mbili na daftari, akaniuliza kama nina swali, na nilikuwa na haraka ya kuwahi mteja Itigi. Nilimwona siku iliyofuata stendi, amekaa juu ya sanduku lake peke yake, anasubiri basi la Manyoni. Nilimpungia mkono nikiwa juu ya pikipiki. Hakuniona, au aliniona.

Nilinakili kila Ijumaa kwa miezi minane, hilo naapa. Mwezi wa kwanza diski moja kati ya zile mbili ilianguka mezani ikafa, nikaenda Singida mjini kutafuta nyingine. Kwenye meza ya mtu mmoja wa barabarani nikakuta imeandikwa nafasi kubwa mara mbili ya ile ya zamani, anataka elfu tisini. Nikamshusha hadi arobaini na tano. Nilitembea hadi stendi nikijisifu. Nilipoona ina nafasi kubwa hivyo, nikaacha kubadilishana na kutumia hiyo tu, na ile nzima nikaiacha ichomekwe kwenye kompyuta kubwa wakati wote ili kazi iwe nyepesi. Kwenye ndoo ya Rungwa sikupeleka chochote. Daftari la uthibitisho nililiweka juu ya kabati.

Katika miezi hiyo watu thelathini na saba walikuja kubadilisha rejista. Mmoja ni mama aliyefiwa na mume, alirithi mizinga sitini na miwili. Shemeji zake wawili walikuja naye. Hawakupenda, lakini mbele ya Mwenyekiti walisaini kwamba mizinga ni ya mjane na alama inahamia kwake. Karatasi hatukuweka, Mwenyekiti alikuwa amesema karatasi ni mambo ya zamani. Walisaini juu ya kioo cha simu, picha nilipiga mimi, ikaingia kwenye kompyuta, na kwenye simu nikaifuta kupata nafasi. Yule mama alinishukuru mimi, kana kwamba mizinga nilimpa mimi.

Radi ilipiga nguzo ya umeme nyuma ya ghala mwanzoni mwa mvua. Betri ya kukinga ilikuwa imehamishiwa kwenye televisheni ya ofisi, watu walikuwa wanafuatilia mpira. Kompyuta kubwa iliungua pamoja na diski niliyoiacha imechomekwa. Nikaenda sandukuni nikatoa ile yangu ya elfu arobaini na tano bila wasiwasi. Majina yote ya mafaili yalikuwepo, Ijumaa kwa Ijumaa. Nikabofya moja, halikufunguka. Nikabofya jingine, mpaka la Ijumaa ya mwisho, yote hivyo hivyo. Diski za namna ile ni gunia lenye tundu chini: unamimina, mdomo unaonekana umejaa, na kilichoingia kimeshamwagika. Imeandikwa nafasi kubwa, ndani yake ni kitu cha saizi ya flashi. Nilikaa pale mpaka wakafunga ofisi. Nilimwambia Mwenyekiti kwamba radi imeunguza. Hilo lilikuwa kweli, nikaliacha hapo.

Ilibaki ndoo. Mwenyekiti mwenyewe alipanda lori hadi Rungwa kuichukua, na yule mzee akamkaribisha, akamlisha, akamwonyesha ndoo ilipo, akakataa kumpa. Alama si yako, alimwambia. Mwenyekiti alieleza kwamba diski ni mali ya chama. Mzee akasema inawezekana, yeye diski haijui, anaijua alama. Hapo ndipo nikatumwa Manyoni, na laki mbili za kumshawishi Mama Masjala kama itabidi.

Amepanga vyumba viwili ng'ambo ya reli. Nilipiga hodi, akafungua, nikamwamkia, akaitikia huku akinitazama usoni, na hakuniuliza barua. Amepungua. Ndani kuna meza, kalamu zimepangwa, redio imewekwa juu ya ile ndoo ya asali ya kuagwa, mfuniko haujaguswa. Alichemsha chai. Ilikuwa Ijumaa, sikupanga iwe hivyo, basi tu lilipatikana siku hiyo. Nilimuuliza habari za watu wa simu, wale wafugaji, kama bado anawapata.

"Nikimpigia mtu sasa nimwambie nini?" akasema. "Sina faili lake."

Nikasema angewapigia kusalimia tu. Akasema wao pia wana namba yake. Garimoshi la mizigo lilipita, vikombe vikatetemeka, ikabidi kila mmoja ashike chake mpaka likaisha.

Nikamweleza radi, kompyuta, Mwenyekiti kukataliwa ndoo. Hapo alitabasamu kidogo. Nikazitoa zile laki mbili, nikazihesabu mezani. Akazisogeza kwa kalamu, bila kuzigusa, mpaka zikarudi upande wangu. Alichukua karatasi, akaandika barua kwa mzee wa Rungwa ampe mleta barua ndoo, akachora chini mraba wenye nukta, akasaini. Akaandika ya pili kama hiyo ya kwake mwenyewe. Akanipa nisaini zote mbili. Halafu akaweka kalamu chini.

"Ndoo ina mambo mpaka mwezi niliotoka. Ya baada ya hapo yako wapi?"

"Nilinakili kila Ijumaa, mama."

"Sijauliza ulinakili."

Kikombe changu kilikuwa kimekwisha, nikakinywa hivyo hivyo.

"Ulifungua?"

Nikasema hapana. Nikamweleza yote, meza ya barabarani, elfu tisini, arobaini na tano, daftari juu ya kabati. Hakunikatiza. Nilimwambia nimepokea elfu thelathini mara nane, laki mbili na arobaini, na nitairudisha yote hata kama ni kuuza mtungi wangu wa gesi wa kuchomelea.

"Hiyo ni hela," akasema. "Wangapi walioingia miezi hiyo?"

"Thelathini na saba."

"Unawajua?"

Nilianza kuwataja. Nilifika kumi na tisa nikakwama. Yeye alikuwa anaandika. Alisubiri, kama alivyokuwa anasubiri simu ishike mtandao, nikakumbuka wawili zaidi. Nikamwambia habari za yule mjane na mizinga sitini na miwili, na kwamba shemeji zake wameshasikia kompyuta imeungua. Mkubwa wao amesema kilabuni, watu wakisikia, kwamba yeye hakumbuki kusaini kitu. Kuvuna kumebaki wiki tatu. Yule mama ananipigia kila baada ya siku mbili, ananiuliza mashine imepata nafuu, na mimi namwambia bado inaangaliwa.

"Mwenyekiti anajua nini?"

"Anajua radi."

"Na huyo mama?"

"Hajui kitu."

Aliandika jina la mjane juu ya karatasi peke yake, akalipigia mstari, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge. Macho yake bila miwani ni madogo, yamechoka. Nje giza lilikuwa linaingia na basi langu lilikuwa limeshaondoka, nilijua, sikuangalia saa.

"Mama," nikasema, "mimi kitu nakijua bei kabla sijakigusa, hiki sikijui. Nianzie kwa nani, kwa Mwenyekiti ili wale shemeji waitwe kabla hawajaingia porini, au kwa huyo mama kwanza, asikie kwangu? Na nikishakaa mbele yake nianze na neno gani? Naomba unishauri."